Nilimpata Ikonge

Jumatatu, 10 Februari

Hati tatu leo, zote zimefika. Mwenye duka la simenti aliposikia kuna mtu wa korti alijifungia chooni. Nikageuza ndoo, nikaketi nje ya mlango wa choo. Saa nzima na robo. Ile harufu si yangu, ni yake, basi aivute mwenyewe. Alipotoka nikampa samansi, ile hati ya kumwita kortini, nikamwambia anawe kwanza ndipo asaini. Wateja walicheka. Mimi pia.

Wa pili mwanamke wa Nyanchwa. Alilia. Nilimshikia kalamu mpaka akamaliza kulia, akasaini. Wa tatu alinitukana kwa Kigusii akidhani sielewi. Ebo! Babu yangu kazikwa mji huu, matusi ya Kigusii niliyajua kabla sijaijua Alhamdu. Nikamrudishia moja la nguoni. Alisaini haraka sana.

Nasra amepiga simu kutoka chuoni. Eti kwa nini nisiuze madira kama mama za wenzake. Nikamwambia dira halilipi karo yako. Watu huweka nyumba rehani, hawalipi, wanashtakiwa, na lazima awepo wa kuwapelekea hati. Ndiye mimi. Leseni ya korti ninayo, jina langu liko juu yake. Na hili buibui langu linanisaidia kuliko leseni. Mtu akiliona dirishani hudhani nauza udi, anafungua mlango mwenyewe, tena anatabasamu.

Jumatano, 12 Februari

Kazi mpya. Mwalimu Mogaka wa Kiogoro. Mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa la Wasabato, mtu wa suti na tai hata akienda kununua chumvi. Aliweka rehani nyumba yake ili mwanawe apate lori. Lori limepinduka, mwana amezima simu, chama cha mikopo kinataka nyumba.

Wakili wa chama amesema hati iingie mkononi mwa Mwalimu mwenyewe. Si kwa mke, si kubandikwa mlangoni. Nyumba ya watu ni jambo zito, hakimu ataangalia kila kitu.

Nimekwenda asubuhi. Mkewe, Mama Bosibori, alinikaribisha, akanipa ndizi mbivu na maziwa. Mwalimu hayuko, amesafiri. Nimerudi jioni. Bado amesafiri, na viatu vyake vimeanikwa ukutani, vinachuruzika maji. Mke wa mzee wa kanisa, na anadanganya huku akinimiminia maziwa! Nikanywa yote.

Ijumaa, 14 Februari

Mara ya tatu Kiogoro. Nimeona pazia likisogea. Nimepiga hodi hadi vidole vikauma. Mlango haukufunguliwa. Nikapiga kelele nje ya ua, jirani wasikie, kwamba Mwalimu anatafutwa na korti. Hilo halikuwa la lazima. Nilikuwa na hasira.

Nikawahi swala ya Ijumaa kwa shida. Nilisali nikiwaza viatu.

Ombati, mtu wangu wa bodaboda, ameniambia jambo nikacheka. Eti Jumamosi iliyopita alipeleka mzigo Ikonge akamwona mzee anafanana na Mwalimu, yuko shambani anachuma majani chai. Jumamosi! Msabato, tena mzee wa kanisa, afanye kibarua siku ya Sabato? Nikamwambia amelewa. "Mama Nasra, mimi hata pombe siwezi kunywa. Hiyo ni yeye."

Si kitu. Kesho si Ijumaa, wala sina safari. Nitakwenda nione.

Jumamosi, 15 Februari

Ni yeye.

Shamba liko nyuma ya soko la Ikonge, la Mkatoliki mmoja, kwa hiyo Jumamosi kwake ni siku ya kazi. Mvua nyembamba. Wanawake kama kumi na wawili kwenye mistari, mwanamume mmoja. Ameinama. Aproni ya nailoni, buti za mvua, kapu mgongoni. Hajui kuchuma. Anakata na majani makavu, nyapara anamgombeza mbele ya wote, na wanawake wanamcheka. Wanamwita "baba mpya". Hawamjui ni nani.

Nilisimama pembeni nikamtazama kwa muda. Sitaficha, nilifurahi. Siku tatu za maziwa na uongo, kisha hivi.

Akainua kichwa, akaliona buibui. Hakukimbia. Aliweka kapu chini, akanijia taratibu, akanivuta nyuma ya mti wa mzambarau. Akaniambia yote bila kuulizwa. Anatafuta senti za kuanza kulipa. Pensheni amekwisha kuikopea. Siku za kazi hawezi kufanya kibarua, kila shamba kuna aliyekuwa mwanafunzi wake au mzazi wa mwanafunzi wake. Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo kila anayemjua amejifungia kanisani. Huko kanisani amewaambia kila Sabato anakwenda kuhubiri kwenye makanisa madogo upande wa Nyamira. Mkewe pia anaamini hivyo. Humtilia Biblia na chakula kwenye mkoba.

Sikumwonea huruma. Nikatoa hati.

Akaipokea. Ila akasema kwenye kiapo nisiandike Ikonge, niandike nyumbani kwake Kiogoro. Hati ile itasomwa kortini, na karani wa korti ni mwimbaji wa kwaya yao. Nikamwambia hilo haliwezekani. Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa mweusi kwa utomvu. "Mama, nisitiri."

Neno hilo! Kama angeniomba chochote kingine ningemcheka. Mama yangu mzazi alikuwa muosha maiti wa wanawake wa mjini miaka yote ile, na hakuwahi kusema alichokiona mwilini mwa mtu, hata baba na sisi watoto tulipomdadisi. Nililelewa na neno hilo. Mwalimu hakujua, lilimtoka tu.

Nikasema haya. Na sahihi? Akasema wanawake wanatazama, wakiona kalamu na karatasi wataanza kuuliza. Akaikunja hati akaitia ndani ya buti. Nikasema haya tena. Mara mbili haya kwa siku moja. Kwangu hiyo ni ugonjwa.

Jumatatu, 17 Februari

Nimeapa mbele ya wakili wa viapo. Kwamba Jumamosi tarehe 15 saa nne asubuhi nilimpata mshtakiwa nyumbani kwake Kiogoro, nikampa hati mkononi, akaipokea akakataa kusaini. Muhuri ukapigwa, tap. Hakuna aliyeuliza kitu.

Nilipotoka nikajiambia: mahali tu. Hati kapewa, siku ni ile, saa ni ile. Mahali ni nini?

Jumatano, 12 Machi

Ramadhani, kinywa kimekauka. Leo nimepeleka hati kwa mchinjaji wa soko kuu, akanikaribisha mishikaki makusudi. Nikamwambia ale yeye, maana kiwanja kikishauzwa ataikumbuka.

Mwalimu hakujibu samansi. Hukumu imetoka bila yeye. Wakili wa chama amefurahi, amenilipa na kunisifu. Nyumba itauzwa.

Nilidhani ningejisikia namna fulani. Nilisikia njaa.

Jumanne, 8 Aprili

Shenzi! Shenzi kabisa!

Mwalimu amepata wakili. Ameomba hukumu itupwe kwa sababu hakupewa samansi. Nimesoma kiapo chake mara nne nikiwa nimesimama kwenye veranda ya korti. Anaapa kwamba Jumamosi tarehe 15 saa nne hakuwa nyumbani Kiogoro, na nyumba ilifungwa tangu alfajiri. Wazee wawili wa kanisa nao wameapa: siku hiyo aliondoka kwenda kuhubiri, walimwombea kabla hajaondoka. Na wakili wake ameandika, kwa herufi nzito, kwamba eneo hili zima hakuna mtu mwenye akili atakayeamini kuwa mzee wa Wasabato alikutwa nyumbani kwake saa ya ibada siku ya Sabato. Eti mpeleka hati ni mgeni wa desturi za watu, akajitungia siku bila kujua.

Mgeni! Mimi!

Veranda nzima wanacheka. Karani yule wa kwaya amenitazama kama mavi ya paka. Nimeitwa kuhojiwa tarehe 6 Mei.

Alhamisi, 10 Aprili

Wakili wa chama hakunizungusha. Nikisimamia Kiogoro nitavunjwa, na kiapo cha uongo ni jela. Nikikaa kimya, leseni inakwenda hata kabla ya jela. Akaniuliza ukweli. Nikamwambia. Akavua miwani, akaniuliza ni nini kilichonipata. Sikuweza kumwelezea neno la mama yangu. Nikasema nilijisahau.

Bila leseni sina kazi. Bila kazi Nasra anarudi nyumbani na muhula umebaki mmoja. Basi. Ndivyo ilivyo.

Nimekwenda Kiogoro. Safari hii Mwalimu alitoka mwenyewe hadi langoni, suti ya kijivu, tai. Hakunikaribisha ndani. Nikamuuliza anaogopa Mungu au haogopi. Akajibu polepole, sauti ya darasani: "Kila neno nililoapa ni kweli, mama. Sikuwa nyumbani. Uliyeapa uongo ni wewe."

Nimemfungulia mtu kamba akaitumia kunifunga mimi.

Akasema anahitaji miezi michache tu. Mwana amepatikana, atatuma kitu. Wakianza kesi upya atapata nafasi ya kulipa. Hataki kunidhuru, lakini ni nyumba aliyoijenga kwa mikono, mkewe amezeekea humo. Nikamuuliza na mimi je? Akainamisha macho. Akasema ataniombea.

Angenipiga kofi ningeumia kidogo. Ataniombea! Nimerudi nyuma ya Ombati. Nimekwisha kuamua.

Jumamosi, 12 Aprili

Ikonge. Nyapara anaitwa Sospeter, mtu mfupi, mkali, anapenda kusikilizwa. Nikamweleza. Kwanza hakuamini kwamba "baba mpya" ni mwalimu mkuu mstaafu. Kisha akacheka mpaka akaketi kwenye gunia. Alikuja Jumamosi sita, akasema anaitwa Yakobo, kisha akaacha. Kapu lake siku zote lilikuwa la mwisho. Siku moja alianguka mtaroni na majani yote, wanawake wakamwokotea.

Sospeter anakumbuka tarehe 15. Analo daftari, na anakumbuka mwanamke mwenye buibui kwa sababu alidhani nimekuja kufumania.

Atakuja kortini. Nauli na chakula cha mchana juu yangu. Alitaka tu kujua kama kutakuwa na watu wengi. Nikasema watu watakuwa wengi, nitahakikisha.

Jumatatu, 14 Aprili

Wakili wa chama amenitengenezea kiapo cha pili, cha kurekebisha. Kwamba mahali ni Ikonge, si Kiogoro. Sababu? Amenitazama juu ya miwani akingoja. Nikasema siku zile nilikuwa na hati nyingi, nikachanganya kazi mbili. Akaandika.

Kwa hiyo nimeapa uongo mwingine kusafisha ule wa kwanza. Nikisema tulikubaliana, nimekwisha. Uongo wa kukusudia hausameheki. Wa kuchanganyikiwa husamehewa.

Mwalimu ataona kiapo hiki kabla ya siku ile. Anao muda wa kuondoa kesi yake kimyakimya. Njia nimemwachia. Asiseme sikumwachia.

Jumatatu, 5 Mei

Hakuondoa. Wakili wake amejibu kwamba Ikonge ni hadithi mpya ya mtu aliyebanwa.

Sijui kama Mwalimu anadhani sitathubutu. Au hajamwambia hata wakili wake. Nadhani hajamwambia mtu. Nadhani ameketi pale na mkewe na wazee wake, kila mmoja anamtia moyo, na kila anayemtia moyo anamsukumia shimoni.

Nimepiga pasi buibui. Naogopa, na naandika hapa kwa kuwa hakuna wa kuniona: naogopa jela kuliko Mungu usiku wa leo.

Jumanne, 6 Mei

Chumba kilijaa. Kanisa lote limekuja, wanaume suti, wanawake kofia nyeupe. Mama Bosibori mbele kabisa, mkoba mapajani. Walikuja kumwona mzee wao akishinda.

Wakili wake alinianza kwa dharau. Je, najua Sabato ni nini? Najua. Je, najua ibada huanza saa ngapi? Najua, nimezaliwa mji huu, kwaya zenu huniamsha. Watu wakacheka kidogo. Basi nilimpata wapi Mwalimu saa nne ya Sabato?

Nikamtazama Mwalimu. Alinitazama. Hakutikisa kichwa, hakufanya ishara. Alikuwa amekaa wima na mikono magotini.

Nikasema.

Ningeweza kusema Ikonge, shambani, nikaishia hapo. Lingetosha. Sikuishia hapo. Nilisema aproni. Nilisema buti. Nilisema alivyokuwa akikata majani makavu na nyapara akamkemea kama mtoto, na wanawake wakamwita baba mpya. Nilisema aliwadanganya kanisa kila wiki na mke akamfungia chakula cha safari ya injili. Nilisema mpaka alivyoanguka mtaroni, jambo ambalo hata sikuliona kwa macho yangu. Wakili wake alinyanyuka kunizuia, hakimu akamwambia, wewe ndiye uliyeuliza. Nikaendelea. Sauti ilikuwa tamu kinywani. Kila nilipomwona mzee mmoja akitazama viatu vyake, niliongeza.

Hakuna aliyecheka tena.

Sospeter akaja na daftari. Aliongea vizuri kuliko nilivyotarajia, akaelekeza kidole: yule pale, Yakobo.

Wakili wa Mwalimu alikuwa ameloa jasho. Akaomba muda. Hakimu akasema muda wa nini, mteja wako yupo, aulizwe. Mwalimu akasimama bila kusaidiwa. Akashika Biblia. Angeweza kukana. Nilijua angeweza. Neno lake, neno la wazee wawili, dhidi ya mwanamke aliyekwisha kubadili kiapo na nyapara mwenye daftari la penseli. Wakili wa chama mwenyewe alikuwa amenong'ona kwamba akikana tutakuwa pabaya.

"Ndiyo, mheshimiwa. Nilikuwa Ikonge, nachuma majani. Na samansi nilipewa."

Mama Bosibori hakugeuka. Nilikuwa namtazama shingo tu. Nyuma yake mzee mmoja wa wale walioapa alichukua kofia yake akatoka nje. Wa pili akamfuata.

Hakimu akaniuliza mimi kwa nini niliandika Kiogoro. Nikasema nilichanganya kazi mbili. Kisha akamuuliza Mwalimu kama ana neno lolote juu yangu au juu ya kiapo changu cha kwanza. Alikuwa na neno. Neno moja tu, kwamba tulipatana. Ningetoka pale na pingu.

Akasema hana la kusema juu ya mama huyu.

Ombi limetupwa. Mimi nimepewa onyo, nikaambiwa niwe makini na kalamu yangu. Leseni imebaki. Nje Sospeter alidai soda ya pili nikamnunulia.

Jumapili, 11 Mei

Ombati amenipa habari za Kiogoro, na sikumuuliza. Jana kanisani jina la Mwalimu limesomwa. Uzee wa kanisa wamemvua, wamemweka chini ya karipio miezi mingi. Hakuwepo. Mkewe alikuwepo, akasikiliza mpaka mwisho, akaimba wimbo wa kufunga. Hawakumkataza Mwalimu kuingia kanisani. Haendi tu.

Ombati anasema hata bodaboda wa Kiogoro sasa wanamwita Yakobo. Alikuwa akicheka anaponiambia. Nikamwambia afunge bakuli lake, aangalie barabara. Alishangaa. Mimi pia.

Alhamisi, 29 Mei

Karo ya Nasra imelipwa yote. Nimepeleka hati tano wiki hii. Mmoja alinifungulia mbwa, nikampiga mbwa na mkoba.

Nyumba ya Kiogoro imenunuliwa. Mfanyabiashara wa mjini. Anataka kuivunja ajenge vyumba vya kupangisha.

Alhamisi, 26 Juni

Wakili wa chama amenipa amri ya kuhama. Ni kwa Mwalimu, kwa mkono. Alisema anaweza kumtuma mtu mwingine kama sitaki. Nikamuuliza kwa nini nisitake.

Nitakwenda Jumamosi. Nimeichagua mwenyewe, maana mke atakuwa kanisani na sitaki macho ya mke. Mwalimu najua atakuwepo.

Jumamosi, 28 Juni

Lango lilikuwa wazi. Mwalimu alikuwa uani na kaptura na fulana, anafunga magodoro kwa kamba. Sikuwahi kumwona bila tai, ukiacha siku ile. Miguu yake ni myembamba. Aliniona akaendelea kufunga fundo mpaka likaisha, kisha akanawa mikono, akaja.

Akasoma amri yote, ukurasa kwa ukurasa, kama anasahihisha. Akasaini vizuri. Akaandika na saa.

Nikadhani basi. Lakini akaniambia, bila hasira yoyote, kwamba wakili wake alitaka kukata rufaa. Alimwambia rufaa ingeshinda kama angesema kilichotokea nyuma ya ule mti: kwamba niliapa uongo kwa kukusudia, si kwa kuchanganyikiwa. Kiapo chote kingeanguka, hukumu ingeanguka, nyumba ingebaki. Mkewe alimpigia magoti aseme. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema kwa sababu aliyeniomba ni yeye. Ningefungwa kwa jambo aliloliomba yeye.

Nilimchukia kweli kwa dakika ile. Nilitamani anitukane, anitemee mate, anifungulie mbwa. Hana hata mbwa.

Kisha akaniomba nimshikie upande wa pili wa kabati la vyombo. Hakuna wa kumsaidia. Kanisani hakuna aliyekuja, na majirani wanapita upande wa pili wa njia. Nikaweka mkoba chini, nikakunja buibui, nikashika.

Ni zito, la mbao za zamani. Halikupita mlangoni. Tukalitua, akatafuta bisibisi, tukang'oa milango yake miwili, tukalibeba tena. Mara ya pili likapita. Tukaliweka uani karibu na magodoro. Akasema ahsante, mama. Nikasema si kitu.

Ombati aliniuliza kama amesaini. Nikasema amesaini.

Nimekula wali wa jana, nimeswali. Mikono inaniuma mpaka kwenye mabega, na Jumatatu kuna hati nne za Nyamira.